Kilini, Twiga na Sinia: Hekaya za Uchina wa Kale na Ushahidi wa Maneno katika Pwani ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya Yongle, mfalme mkuu wa enzi ya Ming. Huko hakupokewa kama mnyama wa porini aliyevushwa bahari, bali kama kilini, mnyama mtakatifu wa hekaya ambaye kuonekana kwake kulichukuliwa kuwa bishara ya utawala wa haki. Tukio hili limerudiwa mara nyingi katika vitabu vya historia, na katika miongo ya karibuni limeingia pia katika hotuba za kidiplomasia, likitolewa kama hoja kwamba Waswahili na Wachina wamekuwa wakizungumza ana kwa ana kwa karne sita. Makala haya yanachunguza dai hilo kwa kutumia kipimo ambacho wanahistoria hawakukitumia vya kutosha, yaani maneno yenyewe.

Msingi wa kipimo hicho unaweza kuonyeshwa kwa mfano wa karibu. Kiwangwa, kata iliyo kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, inajulikana kwa mananasi yake. Mkulima wa Kikwere au wa Kizigua anayelipanga tunda hilo kando ya barabara hana habari ya Brazili, lakini jina analoliitia mteja limetoka huko, katika lugha ya Kitupi, likabebwa na Wareno na kutawanyika katika bandari za Bahari ya Hindi. Tunda likinyamaza, jina husema. Swali la makala haya ni moja: je, majina yaliyobaki katika Kichina cha kale na katika Kiswahili yanasema nini juu ya njia iliyompeleka twiga Uchina na kuileta bakuli ya Kichina Kaole?

2.0 Kilini katika hekaya za Uchina

Kilini (ambaye katika Kichina sanifu cha leo jina lake huanza kwa sauti iliyo karibu na "ch", ingawa zamani lilianza kwa kipasuo cha kaakaa laini) husimuliwa kuwa na kiwiliwili cha paa, mkia wa ng'ombe, kwato za farasi na pembe moja. Hali nyama. Hukanyaga kwa uangalifu asiponde mdudu wala asivunje jani bichi. Sauti yake hufananishwa na kengele. Haonekani ovyo: hujitokeza tu pale mtawala mwadilifu anapotawala au mtu mwenye hekima kuu anapozaliwa au kufa.

Hekaya hii imefungamana na maisha ya Confucius. Husimuliwa kuwa mama yake alijiwa na kilini kabla ya kujifungua. Kisha, mwaka 481 K.K., wawindaji wa dola ya Lu walimkamata mnyama wa ajabu. Confucius alipomwona alimtambua, akalia, kwa kuwa mnyama wa amani alikuwa amejitokeza katika zama za vurugu na kuumizwa na watu wasiomjua. Kitabu cha kumbukumbu za dola hiyo, ambacho mapokeo yanamhusisha nacho, kinakoma karibu na tukio hilo. Kwa hiyo kilini si pambo la masimulizi ya watoto. Ni ishara ya kisiasa yenye uzito, na watawala waliifahamu nguvu yake: katika enzi ya Ming sura ya kilini ilitariziwa kwenye mavazi rasmi ya watu wa tabaka la juu kabisa la ukabaila.

Yongle alikuwa na sababu ya pekee ya kuihitaji ishara hiyo. Kiti cha enzi alikinyakua mwaka 1402 kutoka kwa mpwa wake, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1399. Mtawala wa namna hiyo hana budi kutafuta ushahidi wa mbinguni. Hata hivyo, twiga wa kwanza alipoletwa kutoka Bengali mwaka 1414 na maofisa wakaomba ruhusa ya kutoa risala ya pongezi, Yongle alikataa. Inaelekea alijua kuwa asiyejisifu husifiwa zaidi. Mwandishi wa ikulu, Shen Du, alitunga utenzi wa kumsifu mnyama huyo pamoja na mfalme, nao ulihifadhiwa juu ya mchoro uliojulikana mpaka leo.

3.0 Desturi za ajabu za watu wa mbali

Kabla ya twiga kufika, Wachina walikuwa na maandishi juu ya nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa. Maandishi hayo hayalingani kwa thamani. Duan Chengshi, ofisa wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 863, aliandika juu ya nchi aliyoiita Bobali kwamba watu wake hawali nafaka. Huchoma mshipa wa ng'ombe, hukinga damu, huichanganya na maziwa na kunywa. Msomaji wa Ulaya wa karne ya 19 angeweza kuiona habari hiyo kuwa uzushi. Msomaji wa Chalinze hawezi, kwa kuwa wafugaji wa Kiparakuyo wanaoishi wilayani humo wanaifahamu desturi hiyo tangu kwa mababu zao. Duan hakufika Afrika. Bobali yake ni umbo la Kichina la "Barbara", jina ambalo Waarabu waliwaitia watu wa pwani ya Somalia ya leo. Desturi ilikuwa ya kweli, jina lilikuwa la Kiarabu, na mwandishi alikuwa mbali. Mpangilio huo wa mambo matatu utajirudia.

Zhao Rugua, mkaguzi wa biashara ya bandari ya Quanzhou, aliandika mwaka 1225 juu ya Cengba, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na nchi ya Zanji. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanavaa nguo za pamba za buluu na viatu vya ngozi nyekundu, wanakula unga, mikate ya kuoka na nyama ya kondoo, na kwamba nchi inatoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Hapa ajabu imepungua na bei imeongezeka. Mkaguzi wa forodha huuliza maswali ya forodha. Jina Cengba nalo limejengwa juu ya neno "Zanji" la Waarabu na Waajemi, si juu ya jina lolote ambalo wenyeji walijiita.

Inafaa kukumbusha kwamba tabia ya kuwapakazia ajabu watu walio mbali kidogo na bandari si ya Wachina peke yao. Wageni walioandika habari za Bagamoyo katika karne ya 19 waliwasingizia Wadoe, majirani wa Wakwere, ulaji wa watu, na habari hizo mara nyingi walizipata pwani. Kila bandari ina bara yake ya kutisha.

4.0 Twiga aligeukaje kuwa kilini?

Zhao Rugua ndiye anayetoa ufunguo wa swali hili. Katika maelezo yake ya pwani ya Barbara anamtaja mnyama aitwaye "cula", mwenye umbo la ngamia na ukubwa wa ng'ombe, rangi ya manjano, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kichwa kilicho juu sana na ngozi nene. Huyu ni twiga bila shaka, na jina lake ni zarafa la Kiarabu lililopita katika masikio na kinywa cha Kichina. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Zhao hasemi lolote juu ya kilini. Mwaka 1225 mnyama mwenye jina la Kiarabu alikuwa mnyama tu, anayepimwa kwa futi. Miaka 190 baadaye mnyama yuleyule akawa bishara.

J. J. L. Duyvendak, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1949, alitoa maelezo ambayo yamekubaliwa na wengi: katika Kisomali twiga huitwa geri, na Mchina anayelisikia neno hilo, ambaye "r" ya kigeni huigeuza kuwa "l", yuko hatua moja tu kutoka kilini. Hoja hii inavutia, lakini haitoshi peke yake. Kwanza, Zhao hakumwona mnyama, bali alisikia habari zake. Mtu aliyemwona kwa macho angeweza kukumbuka kilini bila kusaidiwa na neno lolote. Pili, jiwe la maandishi lililosimamishwa Changle, katika jimbo la Fujian, mwaka 1431 na Zheng He na wenzake kabla ya safari yao ya mwisho, linataja zawadi ya Adeni kuwa kilini ambaye "jina lake la kigeni" ni zulafa. Mabaharia basi walilijua jina la Kiarabu vizuri kabisa. Hawakukosea, walichagua. Waliandika jina la kigeni pembeni, na jina la hekaya likabaki mahali pa heshima, kwa kuwa ndilo lililotakiwa ikulu.

Jiwe hilohilo lina ushahidi mwingine ambao haujapewa uzito unaostahili. Adeni, pamoja na kilini, ilitoa "maha" mwenye pembe ndefu: hilo ni neno la Kiarabu la choroa. Mogadishu ilitoa "fulu" mwenye madoadoa, pamoja na simba. Fulu ni punda milia, na wataalamu wamelihusisha jina hilo na farow la Kisomali. Hapa mabadiliko ya "r" kuwa "l" yanaonekana wazi. Zaidi ya hayo, alama mbili zilizotumiwa kuliandika zina maana ya "heri" na "paa", hivi kwamba punda milia wa Mogadishu alipoingia katika hati za Ming alikuwa amekwisha kuwa paa wa heri. Barawa ilitoa ngamia na mbuni, na huyo wa mwisho aliitwa "kuku-ngamia", jina linalofuata mfano wa Waajemi, ambao humwita mbuni "ndege-ngamia".

Mfano wa fulu unaipa nguvu hoja ya Duyvendak kuliko yeye mwenyewe alivyoonyesha, kwa sababu unathibitisha kuwa utaratibu huo ulikuwapo: jina la kigeni linasikika, linakaribiana na neno la heri, na hekaya inalimeza. Lakini pia unaonyesha mipaka yake. Majina ya Adeni ni ya Kiarabu. Jina la Mogadishu ni la Kisomali. Kila bandari iliacha alama ya lugha yake, isipokuwa Malindi. Mnyama wa Malindi kwa wenyeji aliitwa twiga, neno la Kibantu lenye ndugu bara, kama nduiga la Kigikuyu. Hakuna hati ya Ming yenye umbo lolote linaloweza kurejeshwa kwenye twiga. Ikiwa wajumbe wa Malindi walisimama mbele ya Yongle na kuulizwa jina la zawadi yao, basi ama walijibu kwa Kiarabu au Kiajemi, ama walijibiwa na wakalimani wao kabla hawajafungua kinywa. Uwezekano wa pili haupaswi kudharauliwa. Ma Huan, mmoja wa wakalimani wa misafara ya Zheng He, alikuwa Mwislamu, na lugha zilizowawezesha watu wa safari hizo kuzungumza katika bandari za magharibi zilikuwa hizo mbili.

Huyo Ma Huan anatoa picha inayoonyesha hekaya na kipimo vikikaa katika sentensi moja. Akieleza kilini aliyemwona Adeni, anasema miguu ya mbele ina urefu wa zaidi ya futi tisa za Kichina na ya nyuma kama futi sita, kwamba ana pembe mbili fupi za nyama karibu na masikio, mkia wa ng'ombe na kiwiliwili cha paa, na kwamba hula mtama, maharage na mikate ya unga. Pembe mbili ni za twiga. Mkia wa ng'ombe na kiwiliwili cha paa ni vya kitabu. Mikate ya unga ni ya mtu aliyemwona mnyama akilishwa.

5.0 Kaole: upande wa pili wa bahari

Kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji wa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi, mengine yakiwa na minara. Neville Chittick aliyachimba mwaka 1958. Katika minara na kuta za makaburi ya aina hiyo, hapo Kaole na vilevile Kunduchi, palijengewa mabakuli na sahani za kauri ya Kichina. Vingi vimeng'olewa, na baadhi ya vile vya Kaole vimehifadhiwa katika jumba dogo la makumbusho palepale. Mortimer Wheeler, alipoizuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alivutwa sana na wingi wa vigae hivyo hata akasema kuwa historia ya nchi hiyo tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya China. Ni kauli nzuri, ila kigae hakina sarufi. Kinaonyesha kitu kilifika. Hakionyeshi nani alikileta wala walizungumza nini waliokipokezana.

Kinachoonekana ni kwamba kitu cha kigeni kilipewa kazi ambayo hakikuumbiwa. Bakuli ya chakula iliyofinyangwa Uchina ikawa pambo la kaburi la Mwislamu wa Mrima. Katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi palikuwa na imani kwamba bakuli ya kijani ya Kichina hupasuka au hubadilika rangi ikitiwa sumu, na wakuu waliithamini kwa sababu hiyo. Kama vile twiga alivyovikwa hekaya alipofika ng'ambo, ndivyo bakuli ilivyovikwa hekaya ilipofika huku. Ulinganifu huo unaishia hapo, kwani bakuli zilikuja kwa maelfu na twiga walikwenda wachache.

6.0 Sinia, mdalasini na chai

Ikiwa Kichina hakikupokea neno la Kiswahili, Kiswahili kilipokea nini kutoka Kichina? Jibu lipo jikoni. Katika harusi ya Kiwangwa, kama ilivyo Mrima wote, pilau hupakuliwa kwenye sinia na watu hukaa kulizunguka. Sinia ni siniya la Kiarabu, lenye maana ya asili ya "chombo cha Kichina", kutokana na Sin, jina la Kiarabu la Uchina. Ndani ya pilau hiyo mna mdalasini, unaotokana na dar chini la Kiajemi, "mti wa China". Baadaye huja chai, neno ambalo kwa hakika chimbuko lake ni Kichina.

Fonolojia ya maneno haya matatu ina mengi ya kufundisha. Kiswahili hakina tatizo lolote na sauti "ch"; chai lenyewe ni ushahidi. Kwa hiyo "s" ya sinia na ya mdalasini haikuzaliwa katika kinywa cha Mswahili. Imetoka kwa Waarabu, ambao hawana "ch" na hulitamka jina la Uchina kwa "s". Chai, kwa upande wake, isingeweza kutoka moja kwa moja kwa Waarabu, ambao huiita shai. "Ch" yake na irabu yake ya mwisho zinaelekeza kwa Waajemi na Wahindi. Mdalasini ni neno gumu zaidi. Kiambishi cha mwanzo ni cha ngeli ya miti, na irabu "a" imeingizwa ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, kama ilivyo kawaida. Lakini "l" inashangaza, kwani Kiswahili huihifadhi "r" ya Kiarabu, kama katika darasa na daraja. Kihindi kina dalchini, chenye "l". Inaelekea basi kwamba neno hili lina wazazi wawili, Mwarabu aliyelipa "s" na Mhindi aliyelipa "l", na kwamba walikutana mahali penye maduka ya viungo.

Katika maneno yote matatu, Uchina upo ndani ya neno, na Mchina hayupo. Kauri nalo, neno linalotumika kwa kombe la baharini na kwa udongo mweupe wa vyombo, linaelekea kutoka Uhindi. Hali hii ilinganishwe na ya Wareno, waliofika mwaka 1498 na kuacha meza, bendera, gereza, leso na karata, yote yakitamkwa kwa namna isiyohitaji mtu wa kati.

Pingamizi moja lazima litajwe. Wareno walikaa karibu karne mbili. Merikebu za Zheng He zilifika pwani hii mara chache, kati ya miaka ya 1417 na 1433, na kuondoka. Kukosekana kwa maneno baada ya ziara fupi si ajabu. Pingamizi hili ni la haki, na linadhoofisha hoja yoyote itakayosema kuwa Wachina hawakufika. Makala haya hayasemi hivyo. Sarafu ya Yongle iliyopatikana Mambrui mwaka 2010 na nyingine ya Manda mwaka 2013 ni mambo ya hakika, ingawa sarafu, kama ile akiba ya sarafu za enzi ya Song iliyofukuliwa Kajengwa, Unguja, mwaka 1945, nayo hupita mikono mingi. Kinachosemwa ni kwamba biashara ya karne nyingi kabla na baada ya ziara hizo, iliyoleta maelfu ya mabakuli, ingeacha maneno kama ingeendeshwa na Wachina wenyewe. Na maneno iliyoyaacha ni ya Waarabu, Waajemi na Wahindi.

7.0 Shanga na Siyu

Katika kisiwa cha Pate pana masimulizi kwamba mabaharia wa China waliozamishiwa chombo chao waliogelea mpaka ufukweni, wakasilimu na kuoa, na ukoo wa Wafamau wa Siyu huhusishwa nao. Mwaka 2005, wakati wa maadhimisho ya miaka 600 ya safari ya kwanza ya Zheng He, msichana mmoja wa kisiwa hicho alipewa ufadhili wa masomo nchini China kwa msingi wa nasaba hiyo. Masimulizi ya nasaba hayakanushwi na mwanaisimu. Anachoweza kukanusha ni etimolojia iliyobandikwa juu yake, kwamba jina la mji wa Shanga, ulio karibu na Siyu, limetokana na Shanghai. Uchimbaji wa Mark Horton ulionyesha kuwa Shanga ilikaliwa tangu karne ya 8. Shanghai ilipata hadhi ya wilaya mwishoni mwa karne ya 13. Mji mkongwe haupewi jina na mdogo wake. Zaidi ya hayo, shanga ni neno la Kiswahili lenye maana inayojulikana na kila mtoto, na halihitaji kuazimwa.

Kosa hili si la kuchekwa tu. Etimolojia ya namna hiyo ikichapishwa katika kitabu cha watalii hubaki humo. Ikiingia katika hotuba hugeuka kuwa hati. Mwezi Machi 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya mwanzo juu ya ujenzi wa bandari kubwa ya Bagamoyo, katika eneo la Mbegani, jirani na Kaole. Mwaka 2019 serikali iliusimamisha mpango huo kwa sababu ya masharti yake. Katika mjadala wa miaka hiyo undugu wa kale ulitajwa mara nyingi, na mabakuli ya Kaole yaliitwa kutoa ushahidi. Hayakuulizwa yaliletwa na jahazi la nani.

Tofauti na wakati wa Zheng He, Wachina wa leo wamekaa, wamefungua maduka na mashamba, na wanafundisha lugha yao katika vyuo vikuu vya Tanzania. Mtafiti wa uzamili anayetaka kujua kama maneno ya Kichina yameanza kuingia katika Kiswahili bila mtu wa kati hana haja ya kwenda kwenye nyaraka za Ming. Anaweza kuanzia kwenye karakana za barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, akiwa na daftari, na kuandika yale ambayo vibarua na mafundi wao huitana.